Marafiki watano, safari ya kwanza Disneyland Paris: tujipange vipi?

Binti wa Ngamiani (Tanga) anauliza:

Asalaam aleikum ndugu zangu, nawasalimu nyote kutoka Ngamiani.

Sisi ni wanawake watano tuliosoma pamoja hapa Tanga, na kwa muda mrefu tumekuwa tukichanga fedha katika mchezo wetu kwa nia moja tu, nayo ni kusafiri pamoja nje ya nchi kabla ndoa, watoto na uhamisho wa kikazi havijatutawanya zaidi. Tumekubaliana kwenda Disneyland Paris, kule Ufaransa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuingia katika bustani ya burudani ya ukubwa ule. Tunayoyajua ni mabembea ya sikukuu ya Idi, na wawili wetu waliwahi kufika kwenye michezo ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam.

Nia tunayo na fedha zinakaribia kutosha, lakini kila tunapokaa kupanga tunaishia kubishana. Mmoja anataka siku moja tu ya bustani na siku zilizobaki tutembee mjini Paris, ilhali mwingine anasema si haki kuvuka bahari na kutumia siku moja tu mahali ambapo ndipo hasa tulipopakusudia. Yuko mwenzetu anayeogopa sana vitu vya juu na vya kasi, naye ameanza kusema kwamba huenda akabaki nyumbani ili asituharibie. Yuko pia anayesisitiza kwamba tusiachane hata kwa dakika moja, kwa kuwa maana ya safari ni kuwa pamoja. Mimi ndiye kijumbe wa mchezo wetu, fedha zote ninazo mimi, na ninaomba nielezwe namna nzuri ya kuzisimamia tukiwa ugenini bila kuleta manung'uniko.

Mama yangu naye ameniuliza maswali mawili ambayo sikuweza kumjibu: tutaswali vipi na tutakula nini. Nitashukuru sana nikijibiwa na yeyote aliyewahi kusafiri kwa namna hii, hasa akiwa na rafiki zake, maana safari ya mume na mke ina mambo yake na ya marafiki ina yake.

Mkazi wa Dunda (Bagamoyo) anajibu:

Waaleikum salaam dada yangu. Nitaanza na viza, kwa sababu hapo ndipo safari za makundi hukatikia, na kwa hali yenu kuna jambo moja linalonitia wasiwasi kuliko mengine.

Ufaransa imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Mtanzania anahitaji viza kabla ya kuondoka. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, wala hairudishwi ombi likikataliwa. Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau miezi 3 ya uhai baada ya siku mtakayotoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Mnatakiwa pia kuwa na bima ya safari inayogharimia matibabu na kurejeshwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua yuro 30,000, uthibitisho wa mahali mtakapolala, na taarifa za benki. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila wanaweza kufika hata 45 iwapo watataka kuchunguza zaidi, kwa hiyo msisubiri mwezi wa mwisho.

Sasa wasiwasi wangu. Umesema fedha zote unazo wewe, kijumbe. Kila mmoja wenu ataomba viza kwa jina lake na ombi lake litapimwa peke yake. Ofisa anayesoma taarifa ya benki ya mwenzako hataziona fedha zilizo mikononi mwako, ataona tu akaunti ya mtu ambaye kila mwezi amekuwa akitoa na kutoa. Na mkiamua kumwekea kila mtu fungu lake wiki moja kabla ya miadi, kitakachoonekana ni donge la fedha lililoingia ghafla bila maelezo, jambo ambalo huzua maswali kuliko hata akaunti ndogo yenye mwenendo wa kawaida. Rudisha mafungu ya watu kwenye akaunti zao mapema, miezi kadhaa kabla, na muwe na maandishi ya mchezo wenu yanayoonyesha nani alichanga nini na lini. Mwenye ajira aambatanishe barua ya mwajiri ya ruhusa na hati za mshahara. Mwenye biashara aambatanishe leseni na namba yake ya mlipakodi.

La pili ni gumu kulitamka mbele ya marafiki, lakini litamkeni: je, mmoja akinyimwa viza, wanne watakwenda au watabaki? Mliamue sasa, mkiwa bado mnacheka, mwandike na jinsi fungu lake litakavyorudishwa. Nililishuhudia kundi la vijana wa hapa kwetu likivunjika kwa jambo hili hili. Wawili walipata viza, watatu wakakosa, tiketi za ndege zilikwisha kulipwa na hazikuwa za kurejeshewa fedha, na mpaka leo baadhi yao hawasalimiani. Kwa ajili ya maombi wekeni nafasi za ndege na hoteli zinazoweza kughairiwa, na tiketi zenyewe mzilipe viza zikiwa zimekwisha kugongwa kwenye paspoti.

Jambo dogo la mwisho: ninyi mnatoka Tanga, msithubutu kupanga kusafiri kwa basi siku ile ile ya ndege. Laleni Dar es Salaam usiku mmoja.

Mwanapangani aliye ughaibuni anajibu:

Dada yangu wa Ngamiani, mimi ni wa Pangani na ninasoma hapa Ufaransa. Bustani hii nimeifika nikiwa na wanafunzi wenzangu na pia nikiwa na ndugu waliokuja kunitembelea, kwa hiyo nitazungumzia mambo ya ndani.

Kwanza mfahamu kwamba haipo ndani ya jiji la Paris. Ipo Marne-la-Vallée, kiasi cha kilomita 32 mashariki ya jiji, nayo ilifunguliwa Aprili 1992. Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle kuna treni ya kasi inayofika kituo cha Marne-la-Vallée – Chessy kwa takriban dakika 10 tu, na kituo hicho kiko mbele kabisa ya malango ya bustani. Mkiwa mjini Paris mtapanda treni ya RER A, ambayo kwa upande huo huishia hapo hapo, kwa mwendo wa dakika kama 40 kutoka Châtelet, kituo kikubwa cha katikati ya jiji. Muwe macho na mwelekeo wa treni tu, kwa sababu reli hiyo ina matawi na si kila treni huja Chessy. Majina ya vituo huwashwa kwenye ubao wa jukwaani.

Bustani ni mbili, si moja, na hili ndilo litakaloamua ubishi wenu wa siku. Ya kwanza, yenye kasri la waridi, ina sehemu tano na inahitaji siku nzima na zaidi. Ya pili ilifunguliwa mwaka 2002 kwa jina la Walt Disney Studios, ni ndogo, lakini ina vyombo vya kupanda vya michezo ambavyo foleni zake hazina huruma. Kwa watu wanaokuja kwa mara ya kwanza ninasema siku mbili kamili za bustani, kisha siku za Paris zifuate baadaye. Siku moja itawafanya mkimbie kutoka foleni hadi foleni mkiangalia saa, na aliyetaka siku moja ndiye atakayekuwa wa kwanza kulalamika kwamba hakuona kitu.

Kuhusu rafiki yenu mwenye hofu, tafadhali mwambieni asibaki nyumbani. Ninaandika hili kwa moyo wote, kwa sababu watu wengi hudhani mahali hapa ni pa rolakosta tu, yaani vigari vya kasi vya relini. Chini ya kasri kuna pango lenye joka kubwa la mitambo linalopumua na kusogeza kichwa gizani. Kuna treni ya mvuke inayozunguka bustani yote. Kuna mashua za taratibu katikati ya wanasesere wanaoimba wakiwa wamevaa mavazi ya mataifa mbalimbali, kuna jumba la mizimu la Phantom Manor ambalo hutisha kwa macho na wala si kwa kasi, na kuna maandamano ya wahusika wa hadithi ambayo kwa maoni yangu ni bora kuliko vyombo vyote. Ataona hata mgahawa uitwao Hakuna Matata. Mimi nina rafiki ambaye hapandi kitu chochote cha kasi, na kila akija hunitaka nimpeleke tena.

Mwepusheni na hivi: Hyperspace Mountain, ambacho hukimbia gizani na kupindua watu juu chini, Indiana Jones chenye mzunguko wa kichwa chini, na Tower of Terror kinachodondosha watu kama lifti iliyokatika kamba. Big Thunder Mountain kipo katikati, yaani kina kasi lakini hakipindui. Mlima wake umejengwa kisiwani, na treni hupita chini ya ziwa ili kuufikia, nami nakiri sijachoka nacho hata kidogo.

Msimu ni nusu ya furaha yenu. Epukeni Julai na Agosti, likizo ya Krismasi, na likizo za shule za Februari na Aprili, ambazo Wafaransa huzipokezana kwa kanda tatu na hivyo huchukua wiki nyingi. Mei ina sikukuu za tarehe 1 na 8. Jumatano pia huwa na watoto wengi kwa kuwa shule nyingi za msingi hazifunguliwi siku hiyo. Mimi ningewaambia katikati ya Septemba, siku kama Jumanne na Alhamisi: shule zimefunguliwa, na hali ya hewa huwa nyuzi 12 hivi usiku na 21 mchana, yaani ni kama kukaa Lushoto. Sweta na koti jepesi vitatosha, navyo mnavipata Mgandini kabla hamjaondoka.

Sasa maswali ya mama, ambayo ni ya msingi. Katikati ya Septemba adhuhuri huku huingia karibu na saa nane mchana na magharibi karibu na saa mbili usiku, kwa hiyo mwanya wa adhuhuri ni mpana na msafiri ana ruhusa yake ya kukusanya. Kama hoteli yenu iko karibu, mtarudi chumbani, mtaswali na kupumzisha miguu, kisha mtaingia tena kwa tiketi ile ile. Mngekuja mwishoni mwa Juni magharibi ingewafikia saa nne kasoro dakika chache usiku, na maonyesho ya taa juu ya kasri yangeanza kama saa tano usiku. Kuhusu chakula, ndani ya bustani tafuteni samaki na vyakula vya mboga, ambavyo vipo. Mkiwa Paris migahawa ya halali ni mingi, hasa ya Waalgeria, Wamoroko na Waturuki.

Mama wa Raskazone (Tanga) anajibu:

Wanangu, nimesoma yote na wenzangu wamesema vizuri. Mimi nitasema juu ya lile la kutoachana, kwa kuwa nimesafiri na wanawake wa rika langu kwenda IMG Worlds of Adventure kule Dubai, bustani iliyojengwa yote ndani ya jengo moja kubwa lenye ubaridi, na tulirudi tukipendana.

Yule anayetaka msiachane hata dakika moja anawapenda, lakini anachokitaka hakiwezekani bila mtu kuumia. Watu watano wakitembea kama mmoja, basi wote huenda kwa mwendo wa aliyechoka zaidi na hupanda kile tu ambacho hakimwogopeshi yeyote, au mwoga hulazimishwa kupanda na akatoka analia. Sisi tulipanga hivi: asubuhi kila mtu na anayefanana naye, wapenda kasi upande wao na wapenda matembezi upande wao, na asiwepo mtu wa peke yake; mchana sote tunakutana kula mahali tulipopataja tangu usiku, hata kama simu zimezimika; kuanzia alasiri mpaka usiku tunakuwa pamoja bila udhuru. Hayo ya pamoja ndiyo tunayoyasimulia hadi leo, na kila mtu alifika kwenye meza ya mchana akiwa na habari za kuwapa wengine.

Ninyi mko watano, kwa hiyo asubuhi itakuwa watatu na wawili. Nimesikia kwamba huko Ufaransa baadhi ya vyombo vina foleni ya mtu mmoja mmoja, ambapo mtu hujaza kiti kilichobaki wazi na hupita upesi zaidi. Hilo ni jema kwa wapenda kasi, ilimradi wakubali kutokaa kiti kimoja.

Fedha je? Mwanangu kijumbe, usibebe kila kitu. Mfuko wa pamoja uwe wa vitu ambavyo wote watano mnavitumia sawasawa: chumba, treni, tiketi za lango, na mlo mmoja wa pamoja kwa siku. Vilivyobaki, yaani zawadi, vitafunio, picha na hizo tiketi za kulipia ili kuruka foleni, kila mtu na mkoba wake. Kila usiku kabla ya kulala soma hesabu kwa sauti, mbele ya wote, hata kama ni ya maji ya kunywa. Dakika tano zinatosha. Na asiwepo anayemkopesha mwenzake akiwa dukani, kwa sababu maduka ya huko yamejengwa kwenye njia ya kutokea na mtu aliyechoka hununua asichokihitaji.

Binti wa Ngamiani anarudi:

Mama yangu, kaka wa Dunda na ndugu wa Pangani, sina maneno ya kuwashukuru. Jana tulikutana nikawasomea majibu yenu yote. Tumeamua Septemba na siku mbili za bustani, na mafungu ya fedha nimeanza kuyarudisha kwenye akaunti za wenyewe. Lile swali la viza lilituchukua jioni nzima, na kulikuwa na machozi, lakini tumekubaliana: wakipata watatu au zaidi, safari ipo, na aliyekosa atarudishiwa fungu lake lote isipokuwa ada aliyokwisha kulipa. Aliyekuwa anaogopa amekubali kuja baada ya kusikia habari za joka.

Yamebaki mawili. La kwanza ni malazi, kwa sababu tunaona vyumba vya hoteli za Disney vinaandikwa watu wanne na sisi tuko watano. La pili ni mavazi: wanne wetu tunavaa hijabu na baibui, na tunapenda kujua iwapo tutazuiwa kwenye vyombo vya kasi.

Mwanapangani aliye ughaibuni anajibu:

Hongereni sana. Kuhusu malazi mna njia mbili. Ya kwanza ni vyumba viwili katika hoteli za Disney; faida yake kubwa ni kwamba wageni wa hoteli hizo huruhusiwa kuingia mapema, takriban saa moja kabla ya umma, na kupanda baadhi ya vyombo bila msongamano. Ya pili ni nyumba ya kupanga yenye jiko katika eneo la Val d'Europe, ambalo ni kituo kimoja tu cha RER kabla ya Chessy. Hapo mnaweza kukaa watano pamoja, mkajipikia chai na chakula cha jioni, na kulipa kidogo zaidi kwa treni. Kwa kundi lenu ningechagua nyumba yenye jiko, kwa sababu ya chakula na kwa sababu mazungumzo ya usiku yatawahitaji wote watano chini ya paa moja. Ubaya wake ni kwamba mchana hamtarudi kwa miguu. Itabidi mpande treni, au mswali mahali patulivu bustanini.

Kuhusu mavazi, hijabu haizuiwi kama imebana vizuri. Kinachokatazwa ni kitu kinachopepea au kuning'inia, kwa hiyo ushungi mrefu uingizeni ndani ya koti na muufunge kwa namna isiyohitaji pini nyingi, kwani pini hulegea kichwa kikiwa chini. Baibui pana huzuia fremu ya usalama isikae sawa mapajani na miguu isipite haraka mnapopanda na kushuka. Wengi huvaa suruali pana na kanzu fupi ya magotini, na viatu vya kufunga kamba badala ya ndala. Miwani ivuliwe na kushikwa mkononi au ifungwe kwa kamba yake. Mfanyakazi akimwomba mmoja wenu arekebishe ushungi, amwambie kwa upole kwamba angependa kufanya hivyo pembeni, na mara zote nilizoona walikubali na kumrudisha mbele ya foleni.

Viza zikitoka niandikieni hapa hapa, nitakuja kuwapokea Chessy siku ya kwanza.